Mteja Aliyezima Sauti

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwangu Bariadi bila kujua ninakwenda wapi. Nilikunywa uji kwa mama wa jirani, nikafunga begi langu, nikafika stendi na kumuuliza mpiga debe gari lipi linaondoka kwanza. Akasema la Maswa. Nikapanda. Njiani niliona makundi ya ng'ombe na mbuzi yakiswagwa kuelekea upande mmoja, nikajua ni siku ya mnada Shishiyu, nikashuka. Ndivyo nilivyoishi karibu maisha yangu yote. Shule niliiacha darasa la tano, si kwa ada wala kwa viboko. Mwalimu alikuwa anatueleza habari za ziwa, na mimi nikataka kwenda kuliona. Nilikwenda. Niliporudi wenzangu walikuwa wameshamaliza.

Sasa nimeacha kuchuuza. Macho hayauoni tena waya mwembamba, na mgongo umelikataa begi. Ninyi vijana mnaouza vifaa pale stendi mmeniomba mara nyingi niwaambie namna ya kumchagulia mtu deki ya mkononi, nzuri na ya bei anayoiweza. Nasema deki, ninyi mna majina yenu. Ni kile kisanduku chenye kioo, spika na betri, unachomeka memori au flashi, unatazama video hata malishoni ambako hakuna umeme wala mtandao. Nitawaambia, lakini nitapitia kwa mteja mmoja, kwa sababu kabla yake nilijua nusu tu ya kazi hii, na nusu yenyewe ilikuwa ile nyepesi.

Aliyenifundisha ni Fundi Shabani, Mnyamwezi mmoja mfupi aliyekuwa na kibanda cha redio Bariadi. Kila kifaa kipya kilichoingia kibandani alikifungua kabla ya kukiuza. Nikamuuliza kwa nini anafungua kitu kizima.

"Wewe ukinunua ng'ombe, humfungui mdomo ukatazama meno?"

"Namfungua."

"Basi."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya mwezi wa kwanza.

Mwajua watu wetu wamekulia kwenye mifugo, na mkono wa mtu wa mifugo ni mzani. Anamwinua mbuzi kidogo tu kiunoni, tayari anajua kuna nyama kiasi gani. Basi hata deki anaiinua. Ikiwa nzito anasema hii ina betri ya maana, anaichukua. Wanaotengeneza zile za bei ya chini walishatujua. Mimi mwenyewe nilinunua katoni nzima kwa kupima kwa mkono, nikarudi kibandani nikiwa mtu mwenye furaha. Fundi Shabani akafungua ya kwanza. Ndani kulikuwa na kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi, na pembeni yake kibetri chembamba kama biskuti. Hakunicheka. Alikibandua kile chuma akanipa, akasema nikiwa na nyumba kitanifaa kuzuia mlango.

Kwa hiyo la kwanza ni hilo, fungua. Kama mwenye duka hataki ufungue, tikisa karibu na sikio, usikie kama kuna kitu kinacheza. Kisha iache iwake mbele yako muda wa mtu kula ugali akamaliza. Betri ya uongo hujionyesha hapo hapo, kioo kinaanza kufifia. Na usinunue ambayo betri yake haitoki, kwa sababu betri ndiyo inayokufa kwanza, na ikifa ndani ya kitu kilichogundishwa umezika vyote pamoja.

Kipimo cha pili cha wateja wetu kilikuwa sauti. Mnadani kila mchuuzi anafungulia nyimbo za Kisukuma kwa nguvu zote, na mteja anasimama mbali kidogo, mikono nyuma, anasikiliza. Anayepiga kelele kuliko wenzake ndiye anayeuza. Kioo hakuna anayekiuliza. Picha ya wachezaji ikikwamakwama si kitu, maana wimbo unaendelea, na sikio linaziba mashimo ya jicho. Niliuza hivyo miaka mingi na sikuona kosa.

Siku hiyo Shishiyu nilitandika turubai langu karibu na Dotto. Dotto alikuwa mwingizaji nyimbo. Alikuwa na kompyuta ya zamani anayoiendesha kwa betri ya pikipiki, unampa memori anakujazia nyimbo unazotaka. Tulikuwa tunakaa jirani kila tulipokutana mnadani kwa sababu mteja wangu ni mteja wake. Mdomo wake ulikuwa haufungwi.

Akaja kijana mmoja mrefu, fimbo begani, viatu vya matairi, ameshauza mbuzi wake maana kamba zilikuwa tupu mkononi. Akasalimia kwa adabu, "Mwadila, baba." Nikaitikia. Akachuchumaa, akachukua deki moja, na jambo la kwanza alilofanya ni kuzungusha kitufe mpaka sauti ikaisha kabisa. Akaweka chini. Akachukua ya pili, akazima sauti. Ya tatu vile vile.

Dotto alikuwa anamtazama. "Wewe bwana, hayo ni mahindi unachambua? Mbona unayanyamazisha?"

"Sauti siihitaji," akasema yule kijana.

"Huihitaji? Basi kanunue kalenda. Ina picha na haina kelele."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Yule kijana hakucheka wala hakukasirika. Alitoa memori ndogo iliyofungwa kwenye kipande cha khanga, akaniomba niichomeke kwenye deki yoyote ninayoiamini. Nikaichomeka kwenye ile iliyokuwa inauzika kuliko zote. Akatokea mwanamke mmoja amesimama mbele ya ukuta, amejitanda ushungi, anatazama mbele na anachezesha mikono. Haongei. Mkono wake ulikuwa kifuani, mara ukawa karibu na paji la uso, kama vile umeruka.

"Umeona?" akasema. "Hata yako inaruka."

Jina lake lilikuwa Masunga, wa Kimali, kule Meatu. Nilimpa ndoo akae, kwa sababu mimi nikianza kutaka kujua jambo siwezi kuuza tena. Akanieleza taratibu, Kiswahili chake kikipumzika kila baada ya maneno machache kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Mke wake, Kabula, aliugua homa ya uti wa mgongo mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Walimleta hospitali Bariadi akiwa hajitambui. Alipona, lakini masikio hayakurudi. Mdomo ulikuwa mzima, ila alipofika nyumbani alikuwa anapaza sauti bila kujua, watoto wa jirani wakawa wanamwigiza, basi akaamua kunyamaza. Watu wakaanza kumwita bubu. Kumwandikia hakukuwezekana, hakuwahi kusoma. Mwalimu mmoja wa viziwi pale Bariadi aliwaonyesha lugha ya alama kwa muda waliokuwa wanahudhuria kliniki, na walipoondoka akajirekodi masomo kwa simu yake akawajazia kwenye ile memori. Wakanunua deki mnadani kwao, ile yenye kelele. Wakajifunza maneno mengi. Waliporudi kliniki, yule mwalimu akawatazama wakiongea, akawauliza hayo wamefundishwa na nani.

"Mkono unatoka hapa unafika hapa," Masunga akasema akigusa kifua na kichwa. "Katikati ndiyo neno lenyewe. Sisi katikati hatukuiona."

Hapo Dotto alipunguza muziki wake.

"Si ununue simu kubwa?" akamuuliza, safari hii bila utani.

"Simu nikiwa nayo nitakwenda nayo malishoni, watanipigia, mdogo wangu ataiazima. Na Kabula atabaki na nini?"

Jibu hilo liwekeni akilini. Mtu akiwauliza kwa nini asinunue simu tu, muulizeni kwanza ni nani anayebaki nyumbani.

Kisha akasema lililokuwa linamkaba. Baba yake, Mzee Jilala, alikuwa anataka Kabula arudishwe kwao Kiloleli, na ng'ombe wa mahari wadaiwe. Hawakuwa wamepata mtoto bado, kwa hiyo kimila ng'ombe wangerudi karibu wote. Mzee hakuwa mkatili, Masunga alilisisitiza hilo. Alisema tu kwamba mji wa familia ambao watu wake hawasemezani si mji. Na lilikuwepo jingine. Kwa heshima ya kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Akimletea maji anapiga magoti, macho chini. Kabula, kwa kuwa hasikii, alikuwa anainua macho amtazame mzee midomoni, atambue anaagizwa nini, na mzee akawa anasimama na kuondoka. Mwishowe wakawa wanakaa mji mmoja na hakuna mwenye namna ya kumwambia mwenzake hata kwamba mvua inakuja.

"Amenipa mpaka pamba iishe kuuzwa," Masunga akasema. "Tusipokuwa tunasemezana mpaka hapo, atakwenda Kiloleli na wazee wenzake."

Pamba ilikuwa bado haijaanza kupasuka.

Nilizijaribu deki zangu zote pale chini na ile memori. Zote ziliruka, nyingine kidogo, nyingine sana. Nikamwambia asinunue hata moja.

"Unamfukuza mteja?" Dotto akaniuliza. "Si useme una begi la matofali tujue."

"Nikopie hiyo memori kwenye flashi," nikamwambia.

Masunga alishtuka kidogo nilipoitoa. Alikaa karibu na kompyuta ya Dotto mpaka ilipomaliza, akaipokea memori yake kwa mikono miwili na kuifunga tena kwenye khanga. Tukapatana kwamba watakapokuja kliniki tena Bariadi anitafute stendi. Nilikuwa na nakala ya masomo na sikuwa na deki.

Nilirudi Bariadi nikamtafuta yule mwalimu. Anaitwa Mwalimu Zainabu, mtu wa Pangani aliyeletwa huku kikazi akazoea baridi ya asubuhi na vumbi la mchana. Nilimpelekea deki tatu nilizodhani zina nafuu. Akanikaribisha barazani kwake, akaitazama ya kwanza, akanyoosha kidole.

"Hapo umenilia neno, baba."

Sikuwa nimeona kitu. Akarudisha nyuma. "Na hapo jingine. Tazama kiwiko, usitazame vidole tu."

Alinifundisha kazi yangu upya, mwanamke ambaye hakuwahi kuuza hata betri ya tochi. Kwanza alitoka na deki mpaka juani, maana watu wa Kimali hawatakaa chumbani mchana kutwa wakijifunza. Kioo kinachong'aa dukani kikifika nje kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia, unaona uso wako na mawingu. Kisha akaniketisha ubavuni kwake, deki katikati. Mimi niliona picha, yeye akasema anaona giza. Tukabadilishana nafasi, giza likahamia kwangu. Vioo vingi vya bei ndogo vinamtaka mtazamaji mmoja, tena wa mbele. Watu wawili wanaojifunza kusemezana watatazama wakiwa bega kwa bega, na kama mmoja haoni, hapo umemuuzia nusu.

Kisha akaniambia, "Sasa jifunze neno hili, salamu tu ya kumkaribisha mgeni." Nikaishika deki mkono wa kushoto, nikajaribu kuinua wa kulia.

"Na huo wa kushoto?"

Neno lile lilitaka mikono yote miwili. Nilikaa pale na deki yangu mkononi nikajiona mjinga. Kifaa nilichokiuza miaka yote hakikuwa na namna ya kusimama. Watu walikishika, au walikifunga kwenye usukani wa baiskeli. Hakuna aliyewahi kuhitaji mikono yake mbele ya picha.

Tangu siku ile mtu akija kwangu sikumuuliza tena ana pesa kiasi gani. Nilimuuliza ataiweka wapi na nani atakaa nayo. Mama anayetazama akipika anataka yenye vitufe vya kubonyeza, kwa sababu kioo cha kugusa hakiuelewi mkono wenye unga. Mgonjwa wa kitandani anataka nyepesi, inayokumbuka ilipoishia ilipozimwa. Mchungaji anataka yenye mfuniko wa kuzuia vumbi. Aliyekuwa na pesa ndogo nilimwambia aache rangi na taa zile zinazowakawaka, zinakula betri na kwenye bei zimo. Ukijua matumizi, bei inakuja yenyewe, na mara nyingi inakuwa ndogo kuliko aliyokuwa ameipanga.

Yote hayo nilikuwa nayo kichwani sasa, ila deki yenyewe sikuwa nayo. Nilizunguka. Nilikwenda Lamadi, nikaenda Magu, nikapita kwa mafundi ninaowajua na nisiowajua. Nilikuwa nabeba ile nakala mfukoni, kila kifaa nilichokutana nacho nakichomeka na kutazama kiwiko cha Mwalimu Zainabu. Nilikitazama kiwiko kile mara nyingi kiasi kwamba nikawa nachezesha mikono mwenyewe nikisubiri gari, watu wakanihama kwenye benchi.

Niliipata kwa fundi mmoja wa Bariadi, hatua chache kutoka pale nilipopanga chumba. Ilikuwa deki ya zamani ya kukunja, zile zilizokuja wakati wa sidii, kioo kinafunguka kama mfuniko wa sanduku na kusimama chenyewe. Jicho la kusomea sidii lilikuwa limekufa, kwa hiyo fundi alikuwa ameitupa kwenye vyuma vyake vya kuchomoa vipuri. Lakini pembeni ilikuwa na tundu la flashi. Nikachomeka. Mkono wa mwalimu ukatoka kifuani, ukapita njia yake yote, ukafika.

"Hiyo mbovu," fundi akasema. "Hata spika inakoroma."

"Nipe hivyo hivyo."

Bei ilikuwa ya kuku tu. Betri yake ilikuwa imevimba. Betri iliyovimba msiibonyeze wala msiitoboe, itoeni taratibu mkaiweke mbali na nyumba. Nikaifunga itumie betri ndogo ya pikipiki, inayojazwa na sola ya taa. Spika nikaikata waya. Mwanzoni niliikata kwa sababu tu ya kukoroma, lakini nilipoijaribu nikaona inakaa muda mrefu zaidi. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kelele zina njaa kiasi hicho. Dotto, nilipomwomba azipunguze zile video ziwe nyepesi ili kifaa kizee kisihangaike, alifanya kazi hiyo bila kutaka malipo, ingawa aliongea muda wote.

"Maisha yangu yote najaza nyimbo," akasema. "Leo najaza ukimya."

Masunga na Kabula walikuja kliniki pamba ikiwa imeshapasuka. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona. Msichana mwembamba mwenye macho yanayokushika, amejifunga khanga mbili, amekaa mbele ya kibanda cha fundi kama mtu anayengoja kuambiwa aondoke. Nikaifungua ile deki juu ya stuli. Alisogea. Alitazama somo la kwanza bila kupepesa. Kisha akainua mikono yake, akarudia neno moja, akasimama, akalirudia tena na katikati yake, akamgeukia mume wake na kumpiga begani. Masunga alikuwa amelijua vibaya. Kabula akamshika viganja akamwongoza.

Niliwaonyesha namna ya kuifunga waya, nyekundu wapi na nyeusi wapi, nikamfanya Kabula afunge mwenyewe mpaka asikosee, kwa kuwa yeye ndiye angebaki nayo. Wakaondoka. Nilitaka kumwuliza Masunga kuhusu mzee, lakini gari lao lilikuwa linapiga honi.

Ndugu zangu, mchuuzi huwa hajui kitu alichouza kilifika wapi. Unauza, unakunja turubai, unakwenda mnada mwingine. Mimi nilizoea hivyo na nilipenda. Lakini msimu ule nilisikia magari ya pamba yakipita usiku na mchana, nikaona vituo vya kununulia vikijaa, halafu vikaanza kupungua, halafu vikafagiwa. Wanunuzi wakakunja mizani. Nikawa naulizia watu wa Meatu kila nilipowakuta. Mtu mmoja aliyetoka kununua choroko huko akaniambia amesikia Mzee Jilala wa Kimali ameonekana akisafisha viatu vyake vya safari.

Kesho yake nilibeba begi nikaenda stendi, na safari hii sikuuliza gari gani linaondoka kwanza.

Kimali sikuwa nimewahi kufika. Nilifika Mwanhuzi, nikapata pikipiki mpaka ilipopasuka tairi, nikamalizia kwa miguu katikati ya mashamba yaliyokatwa, mabua ya pamba yakiwa yamelundikwa tayari kuchomwa. Jua lilikuwa bado juu kidogo nilipoonyeshwa mji wenyewe, nyumba tatu za bati na zizi la miiba. Nje ya zizi alikaa mzee mmoja mrefu, mguu mmoja ameunyoosha, anasuka kamba. Nilimtambua kwa urefu wa mwanawe.

"Mwadila, baba."

"Mwadila. Watoka wapi?"

"Bariadi. Namtafuta Masunga."

"Masunga yuko na ng'ombe mtoni. Wewe nani kwake?"

Nikasema mimi ndiye niliyemuuzia deki. Mzee Jilala aliweka kamba chini. Alinitazama begi, akanitazama viatu, akanionyesha kigoda nikae. Nilitazama huku na huku. Sikuona mwanamke wala moshi, na kwenye nyumba ya mwisho mlango ulikuwa umefungwa.

"Nasikia ulikuwa na safari," nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Maneno ya njiani."

Akaukunja ule mguu wake, akaunyoosha tena. Mimi napenda kuuliza, lakini ukubwa umenifundisha kuna kimya cha kuachwa kilivyo.

"Wale wawili walikuwa wanakaa pale," akasema mwishowe, akionyesha kivuli cha ghala. "Kila jioni, na hicho kitu chako kisichosema. Mimi nakaa hapa na kamba yangu. Nimekaa hapa msimu mzima. Huwezi kukaa mahali msimu mzima usione." Akaokota kamba, akaiweka tena chini. "Juzi nilishikwa na tumbo. Masunga hayupo, mama yake kaenda msibani. Mkamwana akaleta maji, macho chini, kama anavyotakiwa. Nikamgusa bega. Nikamfanya anitazame. Nikamwambia kwa mikono panapouma, ndipo akaenda akaleta dawa."

"Na ulijua namna ya kumwambia?"

"Nimekwambia nilikaa hapa msimu mzima."

Ng'ombe wa jirani walikuwa wanapita nyuma ya boma, kengele zikilia. Mzee aliwasubiri wapite.

"Ng'ombe wale waache huko huko Kiloleli," akasema. "Mwambie hivyo Masunga akija. Mimi nikimwambia ataanza kulia, na mimi sipendi."

Kabula alitokea nyuma ya ghala na mzigo wa kuni kichwani. Mzee alipiga kisigino ardhini mara mbili, kwa nguvu, na yeye akageuka, nadhani tetemeko lile lilimfikia miguuni. Aliniona akanitambua. Akashusha kuni. Kisha akafanya jambo ambalo kwa mila yetu si dogo, alimtazama mzee moja kwa moja usoni na kungoja.

Mzee Jilala akainua mikono yake mikubwa ya kamba. Alifanya neno la mgeni, ambalo nililitambua, kisha akaweka kiganja shavuni kama mtu aliyelala, kisha akafanya kitu cha tatu ambacho Kabula hakukielewa. Akatikisa kichwa. Akamsogelea baba mkwe wake, akamrekebisha kidole kimoja. Mzee akarudia. Kabula akacheka bila sauti, akaenda kuufungua ule mlango wa nyumba ya mwisho, akatoa mkeka akaukung'uta, akatandika.

"Nimemwambia utalala humo," mzee akasema. "Leo na kesho, na ukitaka keshokutwa."

Kabula akatoka tena, akasimama mlangoni, akaniuliza jambo kwa mikono, taratibu, kila neno na njia yake yote.

Mzee aliinama mbele, akakunja uso. "Hilo silijui. Amesema nini?"

"Anauliza kama nimekula tangu asubuhi," nikamwambia.

Kisha niliweka begi chini, nikainua mikono yote miwili, nikamjibu mwenyewe.